Mpira Ukitua Kwenye Mahindi

Nyinyi mnaoanza kufundisha michezo mwaka huu, nisikilizeni kabla magoti yangu hayajaanza kelele. Nimefanya kazi hiyo katika shule za msingi za Trans-Nzoia na Bungoma mpaka nikastaafu, na sasa niko Kitale nafuga kuku wanaonitii kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumpulizia filimbi. Watu hudhani mwalimu wa michezo ni mtu wa kukimbia kimbia. Si kweli. Mimi ni mwanamke mnene kiasi, nimekimbia mara chache sana kazini, na karibu kila mara nilikuwa nakimbizwa na ng'ombe.

Jambo la kwanza ni mpira. Mtafika shuleni, mtaonyeshwa kabati, na ndani ya kabati mtaonyeshwa mpira mmoja usio na pumzi, umelala kama chapati ya jana. Msilie. Tafuteni soksi ya sufu iliyokufa, muijaze vitambaa, mfunge kwa kamba ya katani. Lakini msifunge kama mnafunga mzigo wa kupeleka Nairobi. Kamba ipite mshazari, mkaze, mgeuze kidogo, mkaze tena. Ukimaliza, uviringishe kwenye sakafu ya saruji. Ukienda ukichechemea, fungua uanze upya, maana mpira unaochechemea hufundisha watoto matusi. Juu yake vuteni vipande vya tyubu ya baiskeli. Zamani tulitumia karatasi za nailoni, tabaka juu ya tabaka, na mpira ulikuwa mwepesi ajabu. Serikali ilipozipiga marufuku watu wengine waliomboleza sokoni. Mimi niliomboleza kabatini.

Ufundi huo nilipewa na Mwalimu Wafula, mzaliwa wa Sirisia, ambaye nilimkuta akifundisha michezo katika shule moja nje kidogo ya Kachibora. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tumbo lililofika mahali kabla yake, na aliamini kwamba mpira wa kununua umelelewa vibaya.

"Mpila wa duka hauna adabu, Madam," aliniambia siku yangu ya kwanza, kwa lafudhi yake isiyojua herufi r. "Haujui nani ameuzaa."

Mtoto yeyote akilalamika kwamba mpira wa vitambaa ni wa watu maskini, Mwalimu Wafula alikuwa anamkalisha chini na kumpa historia, atake asitake. Alimwambia Wachina wa kale, wenye wafalme na majeshi, walicheza mpira wa ngozi uliojazwa manyoya, wakiupiga kwa mguu mpaka upite kwenye tundu la wavu uliotundikwa juu. Alimwambia Wazungu wa kale walipuliza kibofu cha nguruwe, kijiji kizima kikapambana na kijiji kingine, wanaume hawahesabiwi, mpira ukapita mitoni na sokoni, na wafalme wakikataza watu wanaendelea tu. Kisha alifika kwa wale aliowapenda zaidi, watu wa kale wa Meksiko. Hao waligema utomvu wa mti, wakauchanganya na maji ya mmea unaotambaa, wakapata mpira wa kudunda, mzito kama mtoto mchanga, na wakaucheza kwa nyonga kati ya kuta mbili. Hapo Mwalimu Wafula alikuwa anasimama na kuonyesha kwa nyonga zake, na darasa zima linasahau lilikuwa linalalamikia nini.

"Na kuta zile," alikuwa akimalizia, "ndio zilileta shelia. Mtu hatungi shelia ya mchezo. Uwanja ndio unatunga."

Mimi nilikuwa naitikia kwa heshima nikiwazia chai. Shikeni hilo la uwanja, tutalirudia.

Sasa basi. Huku kwetu ardhi isiyo na mahindi huulizwa maswali. Uwanja wa shule yetu ulikuwa tambarare, mweusi kwa rutuba, na mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Gitau, alikuwa hawezi kuupita bila kuguna. Familia yake ilitoka Nyeri ikaja hapa akiwa bado anabebwa mgongoni, kama baba yangu alivyobebwa, kwa hiyo nilijua vizuri ugonjwa unaomsumbua. Mtu wa namna hiyo akiona nyasi anasikia njaa.

Muhula ule wa tatu alikuja akasimama kando ya goli, kofia mkononi.

"Mwalimu, hii nyasi inakuliwa na nani?"

"Ni ya watoto kucheza, Mzee."

"Si nimeuliza nani anakula. Hata ng'ombe mnafukuza." Akatingisha kichwa. "Siku ya wazazi tutaleta hiyo maneno, watu wainue mikono. Tulime. Watoto watakula ugali wa shule, na kucheza watachezea huko nyuma ya choo."

Nyuma ya choo palikuwa na nafasi ya kuchezea bao, labda. Niliogopa, sitawaficha. Watoto wale walikuwa wanaamka usiku kukamua, wanachota maji, wanapalilia, na mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyewatuma kitu ni pale uwanjani. Ukishalimwa umelimwa, sijawahi kuona shamba la mahindi likirudi kuwa uwanja katika nchi hii. Na mimi, mwalimu wa michezo asiye na uwanja, ningekuwa mwalimu wa nini?

Nilimwendea Mwalimu Wafula. Akafikiri, akala ndizi, akafikiri tena.

"Hawa wazee, Madam, hawaheshimu kitu ambacho wamekizidi umuli. Si ndio? Wanaona mpila ni kitu ya juzi, ya ledio. Tuwaonyeshe mpila ni mkubwa kwao. Ya kale ni dhahabu."

Ndivyo tulivyoamua kuonyesha, siku ya wazazi, mpira wa Wachina, mpira wa Meksiko na mpira wa kijiji kwa kijiji, kabla mikono haijainuliwa. Vijana, mkipata wazo la namna hiyo, laleni kwanza, mwamke, ndipo mliseme.

Tulianza na manyoya. Niliwaambia wanafunzi kila mmoja alete manyoya kidogo kutoka nyumbani. Mmoja akaja na kuku mzima akiwa hai, akasema mama yake amesema tutoe tunayohitaji kisha tumrudishe. Huyo mama alikuwa Mama Chebet, muuza mboga pale senta ya Kachibora, na nawaomba mkumbuke jina lake. Nilimrudisha kuku wake na heshima zake zote. Walinzi wa heshima hiyo, yaani wavulana wa darasa la sita, nilikuja kugundua baadaye, walikuwa wamempunguza mkia njiani.

Kisha kibofu. Nguruwe tulimkosa, lakini mwenye bucha alitupatia kibofu cha fahali. Hiki kina ufundi wake na sitaki mfe bila kuujua. Kioshe kwa jivu mpaka harufu ikate tamaa, kisugue kwenye gogo kilainike, kisha kipulize kikiwa bado kibichi kwa mrija wa biro uliotolewa wino. Funga kwa uzi wa katani, tundika kivulini. Swali gumu ni nani wa kupuliza. Walimu wote walikumbuka ghafla kwamba wana vitabu vya kusahihisha, kwa hiyo nilipuliza mimi. Ladha yake nisiwaambie, maana kuna watu wanakula. Kile cha kwanza kiliibwa na mbwa wa bawabu, nikapuliza cha pili nikijiuliza kama hii ndiyo kazi niliyosomea.

Jukumu la mpira wa Meksiko alilibeba Mwalimu Wafula mwenyewe. Alisema walipokuwa wakichunga ng'ombe utotoni, walikuwa wanakata mmea fulani wa msituni unaotambaa, wanajipaka utomvu wake tumboni, unakauka kwa joto la mwili, halafu wanaubandua na kuuviringisha ukawa mpira wa kudunda. Mmea wenyewe hakuupata Kachibora. Akaupata mkuyu. Utomvu ni utomvu, akasema, na asubuhi ya siku ya wazazi akajipaka tumbo zima, akavaa shati lake la Jumapili, akatulia kungoja zamu yake.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Wazazi walipofika, walifika na mahindi yao, kwa sababu jua lilikuwa zuri na mvua za wiki ile hazikuaminika. Wakatandika turubai uwanjani kama kila mwaka, wakamwaga, wakakaa pembeni kwenye madawati. Turubai kubwa kuliko zote lilikuwa la Mzee Gitau, lililetwa kwa trekta likatandazwa mbele kabisa ya goli. Hakuna aliyeshangaa. Mimi nilinung'unika tu kwamba wamenibania jukwaa.

Wachina walitangulia. Tulikuwa tumesimamisha milingoti miwili ya mkaratusi na wavu wenye tundu juu. Kijana wa kwanza alipiga mpira wa manyoya kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, mpira ukapasuka hewani, na wageni wa heshima wakanyeshewa. Katikati ya chafya ikasikika sauti ya Mama Chebet.

"Ati hiyo si ya kuku yangu? Hiyo ya madoadoa! Na mimi nilikuwa nasema mkia imeenda wapi!"

Nikatangaza upesi mpira wa Meksiko. Mwalimu Wafula akasimama, akainama kwa adabu, akashika ncha ya shati lake, akavuta. Shati halikuja. Akavuta tena, na tumbo likaja pamoja na shati. Vijana, utomvu wa mkuyu ni ule ule ambao watoto hutegea ndege. Kina mama wawili wakamshika mikono wakamwingiza chumba cha walimu na chupa ya mafuta ya kupikia, mlango ukafungwa, na tukawa tunasikia sauti yake ikimtaja marehemu mama yake kwa Kibukusu. Mzee Gitau alivua kofia akajipepea. Nilimwona anatabasamu, na nikajua uwanja unaniponyoka.

Kilichobaki kilikuwa kibofu. Niliwagawa wazazi wenyewe, wa upande wa kanisani na wa upande wa mtoni, nikawaeleza kwamba hakuna idadi ya wachezaji, hakuna muda, na goli la kila kijiji ni mti wake. Nilitegemea watasukumana kidogo kwa aibu. Sikujua kwamba pande hizo mbili zilikuwa na deni la zamani la kisima. Kina mama walikaza leso viunoni, wazee wakaacha bakora kwenye madawati, na kabla sijapuliza filimbi mpira ulikuwa umeshapita juu ya kichwa changu.

Aliyeupiga alikuwa Mama Chebet. Ulipaa ukatua katikati ya turubai la Mzee Gitau, na kijiji cha mtoni kizima kikauandama mle ndani.

"Tokeni kwa mahindi yangu!" Mzee Gitau alikimbia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua. Akakidaka kibofu, akakikumbatia kifuani. "Mnakanyaga na viatu ya matope! Nyinyi ni watu ama ni nguchiro?"

"Leta mpira, Mzee!"

"Siwezi leta. Sikiza. Mtu akitia mpira kwa mahindi, avue viatu. Avue! Aingie ageuze mahindi na miguu, vizuri, kutoka hapa mpaka pale. Akimaliza ndio mpira inarudi. Na inaenda kwa hao wengine."

Mnajua jinsi mahindi yanavyogeuzwa. Unaburuta nyayo bila kuziinua, unaacha mifereji, ya chini yanapata jua. Mama Chebet alivua viatu, akaingia, akageuza kwa kucheza mabega kama yuko arusini, na watu wakapiga makofi. Mchezo ukaendelea. Ulipotua tena kwenye turubai, umati wote ukapiga kelele, "Mahindi!" na mkosaji akavua viatu. Ukatua tena. Mahindi! Hata mchungaji wa kanisa akavua viatu. Baada ya muda nikaona wazee wawili wakivuta turubai zao polepole kuelekea kwenye mchezo, wakijifanya wanakwepa kivuli, maana mahindi ya Mzee Gitau yalikuwa yanapata huduma ambayo yao hayapati.

Ndipo Mwalimu Wafula alipotokea, tumbo linang'aa mafuta, amevaa fulana ya timu ya netiboli ya wasichana. Akasimama kando yangu, akatazama.

"Umeona, Madam," akasema, na macho yalimlengalenga, ingawa huenda ilikuwa bado yale maumivu. "Uwanja umetunga."

Kibofu kilipopasuka ikawa mkutano. Mzee Gitau akasimama akasema yake: kwamba nyasi hailiwi, kwamba nchi ina njaa, kwamba uwanja wote ukilimwa shule itavuna magunia mpaka ikose pa kuweka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha mimi. Nikawaambia neno moja ambalo Mwalimu Wafula alikuwa amenifundisha na ambalo ni kweli, hata leo mnaweza kulitafuta: kwamba mahindi haya tunayoyapenda kuliko jamaa zetu hayakuzaliwa hapa. Yalitoka kwa watu wale wale wa Meksiko. Waliotupatia mahindi ndio waliotengeneza mpira wa kudunda. Mahindi na mpira vilitoka nyumba moja, nikasema, na wale wenye mahindi ya kwanza duniani hawakulima uwanja wao, walilima kando. Nilijiona nimesema vizuri sana. Nikakaa, nikangoja machozi ya wazee.

Halafu Mama Chebet akainua mkono.

"Madam, mimi niko na swali. Hao watu, mahindi yao walikuwa wanaanika wapi?"

Nilimtazama Mwalimu Wafula, naye akatazama fulana yake.

"Kwa sababu naona," Mama Chebet akaendelea, "tukilima hapa, itabeba mahindi, sawa. Na hiyo mahindi tukivuna, si itatafuta mahali ya kukauka? Na yetu je? Tutaanika kwa lami tena, ikanyagwe na lori?"

Watu wote wakageuka kutazama uwanja. Mzee Gitau naye akageuka. Alilitazama turubai lake mbele ya goli, mahindi yamegeuzwa mistari mizuri, yanameta juani. Alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta miwani na huku ameivaa. Kisha akavaa kofia.

"Mimi nilisema kutoka mwanzo," alisema, "hii uwanja isiguswe. Mko na masikio kweli? Uwanja ibaki. Lakini mpira isiharibu mahindi ya watu, na ile sheria ikae."

Mikono ikainuka yote, wa kwake ukiwa wa kwanza. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Mwalimu Wafula, nikabaki na utomvu kwenye blauzi. Lakini nilikasirika pia, na hasira hiyo nilikaa nayo. Nilikuwa nimepuliza vibofu viwili. Nilikuwa nimewaletea Uchina, Ulaya na Meksiko mpaka pale Kachibora, na kilichookoa uwanja ni pahali pa kuanika. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyo, vijana: andaeni kila kitu vizuri, na mjue kitakachofaulu ni kingine.

Mzee Gitau alifariki akiwa bado anasimulia jinsi alivyoutetea uwanja. Mwalimu Wafula yuko kwao Sirisia, mzima, na tumboni ana baka moja ambalo halikuota tena nywele; huwaonyesha wajukuu. Mimi nilihamishwa, nikahamishwa tena, nikastaafu, na mambo ya mahindi nikayasahau.

Mpaka mwaka huu. Binti yangu amejenga Tongaren, na nilipomtembelea nilipita kando ya shule ambayo sijawahi kufundisha. Watoto walikuwa wanacheza. Mavuno yalikuwa mbali, hapakuwa na turubai wala punje, nyasi tupu. Mpira ukatoka nje upande wa barabara, na wote wakapiga kelele kwa pamoja:

"Mahindi!"

Aliyeutoa alivua viatu bila kubishana. Akaburuta nyayo juu ya nyasi, kutoka hapa mpaka pale, bila kuziinua. Akavaa viatu, na mpira ukaenda kwa wale wengine.

Nilishika waya wa ua, kisha nikaingia langoni. Nikamwita kapteni wao, msichana mrefu mwenye meno makubwa, akaniambia anaitwa Nekesa.

"Nekesa, kwa nini mnasema mahindi? Mahindi iko wapi?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi mnavyotutazama sisi wazee tunapouliza vitu vya wazi.

"Ni sheria ya mpira tu, kukhu," akasema, akiniita nyanya kwa Kibukusu.

"Ilitungwa na nani?"

"Haikutungwa. Ilikuwangako. Ni ya zamani sana, ati hata ya kina Nuhu."

Nilitaka kumwambia habari za Mama Chebet na kuku wake, habari za Mzee Gitau akikimbia na kofia. Nilifungua mdomo, na hapo hapo mpira ukaviringika mpaka miguuni pangu. Mwalimu hasahau kazi. Niliupiga niwarudishie, kwa mguu wangu mzuri, na ukaenda mshazari kabisa, ukapita juu ya ua, ukatua barabarani.

Uwanja mzima ulinigeukia.

"Mahindi!"

"Pole, kukhu," Nekesa akasema, "lakini sheria ni sheria."

Nikavua viatu.